Bédé ya Mama Mkwe

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, na mwaka mpya nyuma yake, mnaanza kunigongea lango. Jamani, nimestaafu! Meza yangu pale sokoni Kamina nimemwachia mpwa wangu Clarisse, yeye ndiye anayeuza bédé siku hizi, tena anauza vizuri kuliko mimi kwa sababu hagombani na wateja. Lakini wapi! Mnampita Clarisse, mnakuja hadi kwangu, mnanikuta nimekaa na sufuria ya sombe, mnasimama mbele yangu na simu mkononi: "Mama Bédé, niko natafuta kitabu ya mapicha ya kumupa petit wangu kwa Bonne année. Nimupe gani?" Haya, vuteni viti. Nimeuza bédé, hizi hadithi za kuchorwa, tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakakataa, na kwa kuwa mnaniuliza mmoja mmoja huku sombe yangu inaungua, leo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja.

Kwanza, mnauliza vibaya. Mnanitajia umri. "Iko na miaka kumi na mbili, mama." Sasa mimi nifanye nini na miaka kumi na miwili? Niambie anakaa wapi akisoma. Niambie kama anasoma huku anakula, maana huyo ukimpa bédé ya karatasi ya kung'aa, kesho yake mawese yamemfanya shujaa mwekundu mwili mzima. Niambie wako wangapi nyumbani. Katika nyumba ya watoto sita kitabu hakisomwi na mmoja, kinavutwa na sita, na zile pini mbili za katikati hazifai kitu. Mimi nilikuwa nazing'oa, nashona mgongo wa kitabu kwa uzi wa nyavu, ule wanaotumia wavuvi wa Bukama. Nimeona bédé niliyoishona inarithiwa. Jalada limekwisha, shujaa hana tena kichwa kwenye ukurasa wa kwanza, lakini mgongo upo.

Na yule mnayesema hapendi kusoma, huyo ndiye niliyempenda kuliko wateja wote. Mfungulie kurasa mbili za mwanzo. Kama hakuna anayekimbia, anayekula au anayegombana, rudisha mezani. Halafu msimpe kitabu cha kumfundisha adabu. Mnapenda sana hiyo, nyinyi mashangazi na wajomba! Mnachagua bédé ya kunawa mikono, mnaifunga karatasi nzuri yenye maua, halafu mnashangaa mtoto amenuna. Wewe mtu akikuletea zawadi ya sabuni na mahubiri juu yake, utacheka?

Msidhani nilizaliwa najua. Makosa yote nimeyafanya mimi. Mke wa askari mmoja wa kule base, kambi ya jeshi, alikuja kutafuta zawadi ya mume wake, aliyekuwa anarudi baada ya miezi mingi huko mashariki. Nikafikiri, askari, basi nimpe vita. Nikamchagulia bédé nene, mizinga kila ukurasa. Wiki iliyofuata mume mwenyewe akaja, mrefu, mpole, kitabu kwapani. Nikajua leo nimekwisha. Akakifungua mezani kwangu: alikuwa amesahihisha bunduki zote kwa biki nyekundu. "Mama, angalia huyu," akasema. "Muntu anashikaka silaha namuna hii? Atajipiga mwenyewe ku muguu!" Alikuwa amesahihisha mpaka viatu. Nikamwomba radhi, nikampa badala yake hadithi ya mbwa mwizi wa samaki, na hiyo alikuja kuniambia ameisoma mara nne bila biki. Ile ya vita niliirudisha mezani na wekundu wake. Akaja askari mwingine, akaichukua, akasahihisha masahihisho. Tangu hapo simpi mtu kazi yake mwenyewe. Muuguzi simpi hospitali, na mwalimu simpi shule hata akiniomba.

Zamani mzigo wetu ulikuja kwa treni, makartoni ya bédé za Kifaransa zilizokwisha kusomwa Ulaya, na nyingi hazikuwa na ukurasa wa mwisho. Mimi nilikuwa nasema wazi kwamba haupo, halafu kwa heshima ya mteja namsimulia mwisho kwa mdomo. Nilikuwa nautunga hapo hapo! Siku moja wakanijia wanaume wawili, marafiki kabisa, karibu washikane mashati. Kila mmoja alikuwa na nakala ya kitabu kile kile, na kila mmoja nilimpa mwisho wake. Kwa mmoja mwizi alifungwa, kwa mwingine mwizi alimwoa binti wa polisi. Nikawaambia kitabu hicho kimetoka mara mbili. Mungu anisamehe.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Mukendi, karani kutoka Kasai, aliyekuwa akiuza vitabu karibu na stesheni. Mimi nilikuwa nauza karanga pembeni yake, nikawa nasoma bure mpaka akachoka kunifukuza. Alikuwa na sheria moja. "Kitabu unayomupa muntu mu mukono, uimalize kwanza weye," alikuwa akisema. "Mpaka ku page ya mwisho." Wakati ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, alinijia asubuhi na kartoni kichwani. Mtu aliondoka na kile alichoweza kubeba, na yeye alikuwa na watoto na masufuria. "Unichungie hii," akasema, akaiweka chini, akaenda. Hakurudi tena. Nilingoja miaka miwili kabla ya kuuza hata kimoja, na nilipouza cha kwanza nililia mbele ya mteja. Mteja akadhani kitabu kina msiba ndani, akanirudishia.

Ndiyo sababu hadithi ninayowaambia sasa inaniuma mpaka leo, hata kama mtacheka. Ile sheria ya Papa Mukendi niliivunja mara moja tu, na nusura nivunje ndoa ya watu.

Kijana aliitwa Monga, fundi wa baiskeli, mtu wa Kabondo-Dianda, mwenye haya mpaka akikusalimia anaitazama baiskeli yako. Alikuwa anamchumbia Béatrice, na zilibaki wiki mbili familia yake ipeleke mahari. Alisimama mezani kwangu muda mrefu, mpaka nikamuuliza kama amepoteza kitu.

"Mama, minyi natafuta kitu ya kumupa buko."

Buko, kwetu Waluba, ni mkwe, na hapa alimaanisha mama yake Béatrice. Nyinyi watoto wa simu labda mmeanza kusahau, kwa hiyo niwakumbushe. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, kijana anaingia majanini mpaka mama apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima, tena hakuna heshima inayoipita. Monga hakuwa amewahi kuuona uso wa mama huyo. Alijua vitenge vyake tu, kwa mbali.

"Béatrice anasema mama yake anapendaka kusoma," akaniambia. "Kitabu ya nyimbo ya kanisa alisomaka yote, akarudilia. Hana ingine. Tangu baba alikufa hatoki, hachekake. Béatrice anasema, akiona mama yake anacheka siku moja tu, atatoka mu ile nyumba na roho nyeupe. Na minyi siwezi kumusemesha. Njo nikasema, kitabu itamusemesha."

Sasa hapo moyo wangu ulilainika, na mtu moyo ukimlainika anafanya haraka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepokea pakiti mpya kutoka Lubumbashi. Vijana wa huko walikuwa wameanza kuchora wenyewe, nyeusi na nyeupe, kwa Swahili yetu hii hii, si Kifaransa cha shuleni. Juu ya jalada kulikuwa na mama mtu mzima anashuka kwenye treni, kuku kwapani, mdomo wazi kwa kicheko. Herufi kubwa, nzuri kwa macho ya mama. Nikasoma kurasa tano za kwanza, nikacheka mpaka muuza samaki wa jirani akaniuliza kuna nini. Nikasema, hii hapa! Hii imeandikwa kwa ajili yake!

Kwa nini sikuendelea kusoma? Wateja walikuwepo, ndiyo, na jua lilikuwa kali. Lakini nyinyi nitawaambia ukweli, ilikuwa ni majivuno. Miaka yote ile mezani, nikajiona ninaweza kujua kitabu kwa kurasa tano. Nikaifunga mwenyewe kwa karatasi na utepe. Monga hakuifungua hata kidogo. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Béatrice, Béatrice akampa mama yake.

Siku ya tatu Béatrice akanijia mbio, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, macho mekundu.

"Mama Bédé, ulimupa Monga nini?"

"Kitabu. Kwani?"

"Mama amekataa! Anasema ndoa haiko tena. Kitabu ameweka inje, chini ya beseni, hataki ilale naye mu nyumba moja. Namuuliza kuko nini ndani, hasemi. Anasema tu: 'Ule mwanaume, nilifikiri iko na haya.'"

Nilikuwa na nakala nyingine kwenye pakiti. Nikachukua wembe wangu wa kazi, nikakaa, nikaisoma sasa jinsi nilivyopaswa kuisoma mwanzo. Yule mama wa kwenye treni anakwenda mjini kukaa kwa mkwe wake. Nyumba ni chumba kimoja. Nikafika ukurasa wa kumi na mbili. Yooo! Ukurasa mzima picha moja, bila neno. Mkwe amechelewa kazini, anavuta gunia la mlango wa bafu ya uani, na humo ndani yumo mama mkwe amesimama, sabuni kichwani, kopo mkononi. Mchoraji alikuwa amefunika yanayopaswa kufunikwa kwa povu, lakini jamani, povu lenyewe lilikuwa kidogo. Lubumbashi huko watu wanaanguka kwa kicheko. Hapa kwetu kijana amemtumia picha hiyo mama mkwe wake, na utepe juu yake.

Nikaenda kwa Monga. Nilipomwambia kilichomo, spana ilimtoka mkononi. Akajifunika uso kwa mikono yenye grisi, akabaki hivyo.

"Minyi narudia Kabondo," akasema kutoka ndani ya mikono.

"Usiseme hivyo."

"Siwezi kubakia mu muji moja na ule mama. Atapita wapi, minyi nitapita wapi?"

Na hakuwa anatania. Alianza kukusanya spana zake kwenye gunia, moja moja. Nikaona mbele yangu Béatrice analia upande mmoja, huyu anafunga gunia upande wa pili, na katikati nimesimama mimi na kurasa zangu tano. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikamwambia, "Nipe mpaka jioni. Ukiondoka kabla ya jioni nitakufuata Kabondo kwa miguu, na utanibeba kunirudisha."

Sikwenda mikono mitupu, maana msamaha hauombwi mikono mitupu. Nilichukua kuku na kitenge kipya. Mama Béatrice alinipokea uani, mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa kimekazwa mpaka nyusi zimepanda. Beseni lilikuwepo, limefunikwa chini, na juu ya beseni ameweka jiwe. Jiwe! Utafikiri kitabu kingetoroka.

"Mama," nikasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyechagua."

"Na weye ulisoma, ukaona njo ya kumupa mama muzima?"

Hapo, watoto wangu, ndipo paliponiuma. Soko zima lilijua majivuno yangu, kwamba hakuna kitabu kinachotoka mezani kwangu bila mimi kukimaliza. Nilikuwa nawacheka wenzangu kwa hilo.

"Sikuisoma. Nilisoma kurasa tano tu."

"Unamufichia," akasema. "Aliangalia ile page, akacheka, akasema mama ule njo minyi. Sasa alikutuma."

"Mama, hata hakuifungua."

"Nani alimuona?"

Kweli, nani alimwona? Sikuwa na shahidi. Nikaona hakuna la zaidi, basi angalau niondoe ile takataka yangu uani kwake. Nikatoa jiwe, nikainua beseni. Mama Béatrice akageuza uso pembeni. Nikaokota kitabu, na nilipokishika ndipo nikaona: juu ya kurasa, ukingoni, karatasi ilikuwa imechanika chanika kama imetafunwa na panya.

Niwaeleze. Vijana wale wa Lubumbashi walikuwa wanapiga chapa kwenye karatasi kubwa na kuikunja, lakini mashine ya kukata kingo hawakuwa nayo. Kwa hiyo kurasa zilikuja zimeshikana juu, huwezi kuona ndani mpaka uzipasue mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa na wembe mezani. Zile tano za kwanza, nilizozipasua mimi, zilikuwa zimenyooka safi. Zilizobaki zote zilikuwa za panya.

"Mama, hizi kurasa nani alizipasua?"

"Minyi. Na kisu ya mboga. Zilikuwa zimekamatana."

"Hata ya kumi na mbili?"

"Zote."

"Sasa Monga aliona ya kumi na mbili na macho ya wapi?"

Akanyoosha mkono, akanipokonya kitabu. Akapitisha kidole juu ya ukingo, taratibu, kurasa tano laini, halafu mikwaruzo. Akarudia tena. Akarudia mara ya tatu, mpaka kuku akaninyea mguuni. Kisha akakaa chini juu ya beseni, kitabu mapajani.

"Kumbe hajui," akasema polepole. "Mutoto ya bantu, kumbe hajui kitu."

"Hajui. Na sasa anafunga gunia arudi kwao."

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini mimi kazi ilinizoesha kuuliza. "Mama," nikasema, "unasema ulizipasua zote. Baada ya ukurasa wa kumi na mbili, ulifika mpaka mwisho?"

Akavuta ncha ya kitenge, akafunika mdomo. Mabega yakaanza kutetemeka. Nikafikiri nimemliza mjane wa watu, nikataka kumshika mkono, kumbe anacheka! Alicheka mpaka beseni likawa linagonga chini.

"Mama Bédé," akasema alipopata pumzi, "siku ile nilicheka peke yangu mu nyumba mpaka nikaogopa. Ile povu! Halafu nikasema, Mungu wangu, ule kijana akijua nimecheka juu ya ile page, minyi nitaweka macho wapi?"

Kwa hiyo mnaona, hasira ile yote ilikuwa haya. Nilimpa kuku, nikampa kitenge, akavipokea kwa mikono miwili, na Béatrice akatumwa mbio kwa Monga kabla gunia halijafungwa. Mahari ilipelekwa siku ile ile iliyopangwa. Monga alikaa amewapa mgongo akina mama, kama inavyotakiwa, shingo imekakamaa. Na mimi nilipokuwa natoka Mama Béatrice akanivuta pembeni.

"Umuambie alete ingine," akaninong'oneza. "Lakini weye usome kwanza."

Nikasoma! Kila mwaka tangu hapo, Monga alikuja mezani kwangu kabla ya Bonne année, nami nilikuwa nimeshamaliza kitabu mpaka karatasi ya nyuma. Alichukua nakala mbili za kitabu kimoja. Moja alimtuma Béatrice ampelekee mama, moja alibaki nayo mwenyewe.

Kwa hiyo mkija kuniuliza nimpe nani kitabu gani, msiishie kwa anayepewa. Niambieni na anayetoa ni nani, na wakikutana wanaongeaje, na kama hawaongei, kwa nini. Clarisse naye muulizeni hivyo hivyo. Nimemwambia.

Mama Béatrice amezeeka sasa. Walimjengea nyumba ndogo ndani ya parcelle, kiwanja chao, na katikati wakaweka uzio wa majani, ili yeye na mkwe wake wasikutane. Mwaka huu, siku chache baada ya Bonne année, nilijikokota na fimbo yangu kwenda kuwasalimia. Nilimkuta Monga uani, ana mvi kidogo, amekaa kwenye kigoda, gurudumu katikati ya magoti, mgongo upande wa uzio. Tukawa tunazungumza habari za mvua. Mara nyuma ya uzio kikasikika kicheko, cha mwanamke mzee, kirefu.

Monga hakugeuka. Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasikiliza.

"Amefika ku ile mbuzi," akaniambia, "pale inapanda baiskeli."

Akainamisha kichwa, akacheka na yeye. Ng'ambo ya uzio mama akanyamaza, akamngoja amalize, kisha tukasikia anafunua ukurasa.